Ultrasaundi mbili, kovu moja

Swali: Daktari, nilijifungua kwa upasuaji miezi 11 iliyopita hapa Nairobi, baada ya uchungu wa usiku kucha na mlango kukwama sentimita 8. Wiki ya sita nilipigwa ultrasaundi ya juu ya tumbo, ripoti ikasema kovu limepona vizuri. Tangu hedhi irudi, kila ikiisha nabaki na matone ya kahawia siku nne au tano. Mwezi uliopita nilipimwa kwa kile kifaa kinachoingizwa ukeni. Ripoti sasa inasema kovu lina tundu: kina milimita 4.9, msuli uliobaki milimita 2.9, msuli wa jirani milimita 8.1. Ni ipi iliyodanganya? Naweza kubeba mimba nyingine na kuzaa kwa njia ya kawaida? Kupanga uzazi tunatumia kondomu tu. – Mama wa Umoja

Jibu: Mama, hakuna iliyodanganya, ila ile ya kwanza haikuwa na uwezo wa kujibu swali lako. Iweke kando, tuzungumzie ya pili.

Wiki ya sita ni mapema mno. Kwa nje mfuko wa uzazi umeshanywea karibu na ukubwa wake wa kawaida, lakini ndani msuli bado unajijenga, na tabaka zake huchukua kama miezi sita kurudi katika sura yake. Kipindi hicho nyuzi za mshono bado zinaonekana kama vidoa vyeupe, uvimbe haujaisha, na pengine kuna damu kidogo iliyoganda kati ya mfuko na kibofu. Vitu hivyo vinaweza kuziba kibonyeo kisionekane, au vikaonekana kama kibonyeo ilhali hakipo. Kipimo cha maana husubiri angalau miezi mitatu, na mwenye subira ya miezi sita hapotezi kitu.

Tena kilipigwa juu ya tumbo. Mawimbi ya kifaa cha juu yana masafa ya chini ili yafike mbali, na kwa sababu hiyo hayachambui vitu vya milimita mbili tatu. Yanapita kwenye ngozi, mafuta, kovu la nje na kibofu ndipo yafike yanakotafutwa. Kifaa cha ukeni hufanya kazi kwa megahatsi 5 hadi 9 hivi, tena kikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye kovu. Mara nyingi maneno “kovu limepona vizuri” kwenye ripoti ya juu ya tumbo humaanisha kwamba hapakuonekana usaha wala mkusanyiko wa damu. Ni habari njema kwa wiki ya sita, lakini haisemi lolote kuhusu unene wa msuli.

Hilo lililoitwa tundu halijatoboka hadi upande wa pili. Ni kibonyeo: mahali ambapo ukingo wa juu na wa chini wa mkato haukuungana kwa unene wote, pakabaki kishimo kinachotazama ndani ya mfuko. Madaktari wengine hukiita isthmosele. Makubaliano ya wataalamu wa Ulaya yaliyochapishwa 2019 yanasema kibonyeo kihesabiwe kuwa kibonyeo kuanzia kina cha milimita 2, kwa hiyo chako kipo kweli. Nacho si kitu cha ajabu. Katika tafiti zilizotumia kifaa cha ukeni, kati ya wanawake 24 na 70 katika kila 100 waliopasuliwa walionekana nacho, na tofauti hiyo kubwa inatokana hasa na kila timu kuwa na kipimo chake na aina yake ya wagonjwa. Wengi wao hawajui kwamba wanacho.

Kabla ya kuziamini namba zako, ni vizuri ujue namba hizo hupatikanaje, maana hapa ndipo mambo huharibika.

Mgonjwa hukojoa kwanza. Kibofu kikijaa hukandamiza sehemu ya chini ya mfuko na kuinyoosha, na msuli ukaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Mabaki kidogo ya mkojo hayadhuru, tena husaidia kuonyesha mpaka wa kibofu. Siku nzuri ni chache baada ya hedhi kuisha, wakati utando wa ndani bado ni mwembamba na mara nyingi kuna damu au ute kidogo umebaki kwenye kibonyeo, ambao huonekana mweusi na kukichora wazi bila kuongezewa kitu. Kifaa huvishwa kondomu yenye jeli na kuingizwa polepole. Kisha mpimaji hutafuta picha ya kukata mfuko kwa urefu, katikati kabisa: mstari wa utando wa ndani juu, njia ya mlango wa kizazi chini, vyote kwenye picha moja. Asipoviona vyote viwili, amekata kimshazari, na kimshazari kila kitu hunenepa.

Hapo, upande wa mbele, panapokutana mwili wa mfuko na mlango wa kizazi, nyuma tu ya kibofu, kibonyeo huonekana kama pembetatu nyeusi. Kitako chake kiko kwenye njia ya ndani na ncha inaelekea kibofu. Picha inakuzwa hadi sehemu hiyo ijaze angalau nusu ya skrini. Kina hupimwa kutoka mstari wa kitako hadi nchani. Msuli uliobaki hupimwa kutoka nchani hadi ukingo wa nje wa mfuko, kwa mstari uliosimama wima juu ya ukingo huo, mahali pembamba kuliko pote. Msuli wa jirani hupimwa pembeni ya kibonyeo, mahali ambapo haujaguswa. Baada ya hapo kifaa kinasogezwa taratibu kushoto na kulia hadi kibonyeo kiishe, kisha kinageuzwa nyuzi 90 ili kupata upana. Wapimaji wenye haraka huiruka hatua hii, na ndiyo inayobadilisha majibu: kibonyeo chenye milimita 4 za msuli katikati huweza kuwa na tawi la pembeni ambako zimebaki milimita 2. Kisicho na tawi au chenye tawi moja huhesabiwa kuwa chepesi. Matawi yakizidi moja kinaitwa changamani.

Makosa ninayoyaona kwenye picha zinazoletwa ni yaleyale. Alama ya kupimia inawekwa upande wa mkojo, hivyo ukuta wa kibofu unahesabiwa kama msuli wa mfuko na mama anaongezewa milimita mbili asizonazo. Kifaa kinasukumwa kwa nguvu hadi kibonyeo kinafumbwa. Kivimbe cha ute cha mlango wa kizazi, ambacho ni cha mviringo na kiko chini zaidi, kinaitwa kibonyeo. Na pale mfuko unapokuwa umelalia nyuma, kovu hukaa mbali na pembe ya mawimbi. Hapo mpimaji huweka mkono mwingine juu ya tumbo na kubonyeza kidogo kulisogeza karibu. Asipofanya hivyo anapima kivuli.

Sasa namba zako. Msuli wa jirani 8.1, uliobaki 2.9: mahali pa kovu umebakiwa na kama asilimia 36 ya unene. Kuna wanaokiita kibonyeo kikubwa kikiwa kimekula zaidi ya nusu ya msuli. Kwa hao, chako ni kikubwa. Kuna wanaokiita kikubwa msuli uliobaki ukifika milimita 2.2 au chini kwa kipimo cha kawaida, au 2.5 kwa kipimo cha kutia maji, nitakachokieleza hapa chini. Kwa hao, chako si kikubwa. Usishangae basi ukimwona daktari mmoja ametulia na mwingine ameshtuka wakisoma karatasi ileile. Mimi ningekiita cha wastani kinachoelekea kuwa kikubwa, na nisingebishana na mtu kuhusu milimita 0.1, kwa sababu wapimaji wawili wazuri wakipima mama yuleyule siku ileile hutofautiana kwa zaidi ya hapo.

Ningependa kipimo kirudiwe mara moja kwa kutia maji, ikiwa kuna atakayekifanya vizuri. Mrija mwembamba laini unapitishwa mlango wa kizazi na kuishia karibu na kibonyeo, kisha maji safi ya chumvi yanasukumwa polepole, mililita chache tu, kwa kawaida hazizidi 10, huku kifaa cha ukeni kikitazama. Maji yanafungua kuta zilizolaliana, na vibonyeo vingi huonekana vikubwa zaidi na mipaka yake ikawa wazi. Wengine hutumia jeli badala ya maji kwa kuwa haivuji haraka. Utahisi maumivu kama ya hedhi kwa muda mfupi. Kisifanywe ukiwa na mimba, wala ukiwa na uchafu wenye harufu, homa au maumivu ya nyonga, kwa sababu kitasukuma vijidudu juu. Mrija ukiingizwa ndani sana utapita kovu na kuliziba, na maji yatajaza mfuko wote isipokuwa pale panapotafutwa.

Matone ya kahawia yanaeleweka vizuri kwa picha hii. Damu ya hedhi inajikusanya kwenye kishimo, msuli mwembamba wa pale haukazani kuisukuma, nayo inavuja kidogo kidogo siku zinazofuata, ikiwa imeshageuka rangi. Hata hivyo, msiwe mmeshaamua kabla ya kuondoa sababu nyingine. Kwanza kabisa pima mimba, kondomu hupasuka. Kisha mlango wa kizazi ukaguliwe na ufanyiwe kipimo cha saratani kama bado hujafanyiwa. Kinyama ndani ya mfuko na maambukizi navyo hutoa matone. Anayetumia sindano au kipandikizi cha kupanga uzazi huenda matone yake yakatoka huko, ila wewe hutumii, kwa hiyo hilo tumelivuka.

Kwa nini wewe na si jirani yako aliyepasuliwa wiki hiyohiyo? Hizo sentimita 8 zina neno. Uchungu ukifika mbali, sehemu ya chini ya mfuko huwa imevutika ikawa nyembamba, mpaka wake na mlango wa kizazi unapotea, na mkato unaweza kuangukia chini sana, kwenye nyama ya mlango wa kizazi. Nyama hiyo ina vitezi vya ute, na ute ukiingia kati ya kingo mbili haziungani. Mfuko uliolalia nyuma nao huvuta kovu. Upasuaji wa mara kwa mara huongeza uwezekano. Kuhusu kushona, watu hupenda kulaumu tabaka moja badala ya mbili. Utafiti mkubwa uitwao CORONIS, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, ulilinganisha njia hizo mbili, na ufuatiliaji wake wa miaka mitatu uliochapishwa 2016 haukuona tofauti kubwa katika mimba zilizofuata. Kwa hiyo sioni faida ya kwenda kugombana na aliyekupasua.

Tiba inategemea unachotaka. Mama asiyetaka mtoto karibuni hupewa vidonge vya kupanga uzazi au koili yenye homoni, na matone hupungua. Wewe unataka mimba, basi hivyo havikufai kwa sasa. Kibonyeo kinaweza kuchelewesha mimba pale majimaji yanapopanda na kukaa ndani ya mfuko, na hilo hutazamwa kwenye ultrasaundi katikati ya mzunguko, likionekana, liandikwe. Kukikwangua kwa kamera inayopitia mlango wa kizazi hupunguza matone, lakini hakuongezi unene wa msuli, na wengi huweka mpaka wa milimita 3: chini ya hapo kifaa cha moto kinakaribia mno kibofu. Wewe una 2.9. Mtu akikuambia atakikwangua kesho, muulize hilo kwanza. Njia nyingine ni kukata kovu bovu na kushona upya kwa kamera za tumboni. Ni upasuaji wa kweli, una kupona kwake, na utalazimika kusubiri miezi kabla ya kubeba mimba. Hakuna ushahidi imara kwamba kumrekebisha mama asiye na dalili kunamkinga na kupasuka kwa mfuko katika mimba ijayo. Kwa matone ya siku nne yasiyo na maumivu makali, mimi ningejaribu mimba kwanza.

Ila si mwezi huu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kubeba mimba inayofuata. Kwa anayetaka kuzaa kawaida baada ya upasuaji kuna sababu ya pili: nafasi kati ya kuzaa na kuzaa ikiwa chini ya miezi 18 hivi, uwezekano wa kovu kuachia hupanda wazi. Una muda wa kutosha wa kurudia kipimo na kujipanga.

Ukishika mimba, usingoje kliniki ya mwezi wa nne. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 fanyiwa ultrasaundi ya ukeni yenye swali moja: kifuko cha mimba kimekaa wapi? Mimba kujipandikiza ndani ya kovu ni nadra, takriban moja katika kila 2,000, lakini ikikosewa ni hatari. Kwenye picha sehemu ya juu ya mfuko ni tupu, mlango wa kizazi ni mtupu, na kifuko kimejibana mbele chini, msuli kati yake na kibofu ukiwa mwembamba mno, na damu ikionekana kuzunguka kwa wingi ikiwashwa rangi inayoonyesha mtiririko wa damu. Mara nyingine huchukuliwa kuwa mimba inayotoka, na mama anapelekwa kusafishwa. Kusafisha mimba ya kovu bila kujua ilipo huleta damu isiyozuilika kirahisi. Ukiambiwa mimba iko chini sana na wewe una kovu, usikubali kusafishwa mahali pasipo na thieta na damu ya kuongezewa, omba rufaa.

Kipimo cha wiki ya 20 hivi kiseme kondo liko wapi. Likiwa juu nyuma, hadithi imeishia hapo. Likiwa mbele na limefunika mlango, kovu likiwa moja, uwezekano wa kung'ang'ania msuli ni kama 11 katika 100. Hapo atafutwe mpimaji anayejua kuangalia matundu ya damu ndani ya kondo, kupotea kwa mstari mweusi kati ya kondo na msuli, na kukatika kwa mstari mweupe wa kibofu, na kuzaa kupangwe katika hospitali kubwa ya rufaa.

Kuzaa kawaida: mlango huo haujafungwa na ripoti yako. Kipimo cha sasa, mfuko ukiwa mtupu, hakitabiri vizuri jinsi kovu litakavyohimili uchungu. Ultrasaundi huonyesha umbo na unene, nguvu ya nyama haiioni. Kinachotumika zaidi ni unene wa sehemu ya chini ya mfuko kati ya wiki ya 35 na ya 38. Utafiti wa Ufaransa wa 1996 uliopima wanawake 642 uliona kwamba juu ya milimita 3.5, zaidi ya 99 katika 100 hawakuwa na kasoro kwenye kovu. Upande wa pili hauzungumzwi sana: chini ya 3.5, ni kama 12 tu katika 100 waliokuwa na kasoro. Kwa maneno mengine, namba kubwa inatuliza vizuri kuliko namba ndogo inavyohukumu. Na angalia kilichopimwa. Wapo wanaopima ukuta wote pamoja na wa kibofu, kama walivyofanya Wafaransa hao, na wapo wanaopima msuli peke yake, 2.5 ya msuli peke yake si habari sawa na 2.5 ya ukuta wote. Karatasi isiyosema ni upi imekupa nusu ya jibu.

Kwa ujumla, kwa mama mwenye mkato mmoja wa kulala chini ya mfuko anayejaribu kuzaa kawaida, mfuko hupasuka kwa takriban mmoja katika kila 200, na kama watatu kati ya wanne hufanikiwa. Wewe hujawahi kuzaa kawaida na ulikwama uchungu ukiwa umeshafika mbali, hivyo nafasi yako ni ndogo kidogo kuliko ya aliyepasuliwa kwa sababu mtoto alikaa matako. Yote haya ni kwa hospitali yenye thieta wazi usiku na mchana, mtu wa dawa ya usingizi, damu, na mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto mfululizo, kwa sababu dalili ya kwanza ya kovu kuachia mara nyingi ni mapigo ya mtoto kushuka, kabla hata ya maumivu. Misoprostol ya kuanzisha uchungu isiguswe kwa mwenye kovu.

Jambo moja halitaonekana kwa uhakika kwenye ultrasaundi yoyote: mkato wa ndani ulikatwaje. Kovu la ngozi lililolala chini kama la bikini halithibitishi kwamba la mfuko nalo limelala. Nenda kitengo cha kumbukumbu cha hospitali ulikojifungulia, na kitambulisho na kitabu cha kliniki, uombe nakala ya maelezo ya upasuaji. Angalia kama imeandikwa mkato wa kulala au wa kusimama, kama ulichanika zaidi kuelekea pembeni au chini, na kama kuna homa au maambukizi yaliyoandikwa baadaye. Mkato wa kusimama hadi sehemu ya juu ya mfuko humaanisha kupangiwa upasuaji, hata ultrasaundi ikisoma milimita 5.

Kwenye fomu ya kipimo kijacho mwombe daktari asiandike “ultrasaundi ya nyonga” basi. Aandike: kovu la upasuaji mmoja, tarehe yake, matone baada ya hedhi, pima kwa kifaa cha ukeni, kibofu kitupu, siku chache baada ya hedhi, taja urefu, kina na upana wa kibonyeo, msuli uliobaki na wa jirani, matawi, majimaji ndani ya mfuko, umbali kutoka kibofu, na kama kibofu kinateleza juu ya mfuko kikisukumwa au kimegandana nao. Hilo la kugandana ndilo mpasuaji atakayekufungua tena angetamani kulijua mapema. Omba na picha zenyewe, pamoja na ripoti. Zisizo na alama za kupimia zirudishe hapohapo kabla hujaondoka kaunta.